Kutega na Kutegua: Namna Ubongo Unavyong'amua Jambo kwa Ghafla

0. Utangulizi

Jioni, kazi zikiisha na watu wakiwa wameketi pamoja, mmoja huita: "Kitendawili!" Wenzake huitikia: "Tega!" Naye hutega: "Nyumba yangu haina mlango." Kimya hutanda. Mmoja hujibu kuwa ni kaburi, mwingine hutaja jiwe, yote hukataliwa. Kisha mtoto aliyekuwa amenyamaza pembeni hupaza sauti: "Yai!" Hakupita hatua kwa hatua kutoka kwenye swali hadi kwenye jibu, wala hawezi kueleza amefuata njia gani. Jibu limemjia zima, na papo hapo ana yakini kwamba ndilo.

Tukio hilo dogo, ambalo kila msomaji wetu amelishuhudia, ni mfano kamili wa jambo ambalo wataalamu wa saikolojia na wa ubongo wamelichunguza kwa zaidi ya miaka mia moja. Katika makala haya tutaliita ung'amuzi, yaani kuling'amua jambo kwa ghafla baada ya kulitafuta bila kulipata. Ung'amuzi ni sehemu moja ya ubunifu, na ndiyo sehemu ambayo vipimo vya maabara vimeweza kuikaribia zaidi.

Mara nyingi ung'amuzi huelezwa kwa namna mbili zisizomfaa mwanafunzi. Wengine husema ni kipaji: aliyezaliwa nacho anacho, asiyezaliwa nacho hana. Wengine husema ni bahati: wazo huja likitaka. Kwa maelezo yote mawili, aliyekwama hana la kufanya ila kukaa na kungoja. Nia yetu ni kuonyesha kwamba utafiti wa miongo ya karibuni unatupa picha nyingine. Ung'amuzi ni kuteguka kwa mtego ambao akili yenyewe imejinasia. Kazi ya kuutegua huanza kabla mtu hajaijua. Na furaha inayoufuata, ijapokuwa tamu, si uthibitisho wa ukweli.

1. Ushahidi wa lugha

Kabla ya kuingia maabarani, inafaa tuyatazame maneno yetu. Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, kina kauli ya kutendua, ambayo hubatilisha lile lililotajwa na kitenzi cha msingi. Kufunga huzaa kufungua. Kuziba huzaa kuzibua. Kukunja huzaa kukunjua. Msemaji wa Kilingala anaifahamu kauli hiyo hiyo katika kokanga na kokangola.

Sasa tuangalie vitenzi tunavyovitumia tunapopata jibu la jambo gumu. Kitendawili hutegwa, kisha huteguliwa. Fumbo hufumbwa, kisha hufumbuliwa. Mambo yanayotatiza hutatuliwa. Kilichovumbikwa, yaani kilichofukiwa, huvumbuliwa. Katika vitenzi vyote hivi, kupata jibu hakusemwi kuwa ni kujenga wala kufika. Husemwa kuwa ni kuondoa kizuizi: mtego unateguliwa, kilichofumbwa kinafunguka, kilichotatana kinakunjuliwa, kilichofukiwa kinatolewa.

Hatudai kwamba wahenga walikuwa na elimu ya neva. Umbo la neno halithibitishi lolote kuhusu ubongo, na tutalirudia onyo hilo mbele. Tunachosema ni kwamba lugha imehifadhi maelezo fulani ya jinsi mtu anavyohisi anapong'amua, na kwamba maelezo hayo yanakaribiana sana na yale ambayo watafiti waliyafikia kwa njia yao wenyewe.

2. Mtego ulivyo

Watafiti wa kwanza walioupa ung'amuzi nafasi yake walikuwa Wajerumani. Wolfgang Köhler, aliyefanya kazi katika kisiwa cha Tenerife kuanzia mwaka 1913, alichapisha mwaka 1917 uchunguzi wake juu ya sokwe. Mmoja wao, aliyeitwa Sultan, alijaribu bila mafanikio kuvuta tunda kwa fimbo fupi, akaacha, akawa anachezea fimbo mbili za mwanzi. Mara akaingiza ncha ya moja ndani ya nyingine, akapata fimbo ndefu na kukimbilia tunda. Köhler aliona kwamba hapo hapakuwa na kubahatisha tu. Vitu vilevile vilikuwa vimeonekana kwa mpango mwingine.

Mwaka 1935 Karl Duncker aliuliza swali la upande wa pili: kwa nini mpango huo mwingine hauonekani mapema? Aliwapa watu mshumaa, viberiti na kisanduku kilichojaa misumari midogo, akawataka waushikize mshumaa ukutani. Wengi walijaribu kuugongomea mshumaa wenyewe, au kuubandika kwa nta yake, wakashindwa. Jibu ni kukimwaga kisanduku, kukipigilia ukutani na kuusimamisha mshumaa juu yake. Kisanduku kilipotolewa kitupu, watu wengi zaidi walilipata jibu. Kilipokuwa na misumari ndani, macho yalikiona kuwa ni chombo cha misumari, na kwa hiyo hayakukiona kuwa ni rafu. Ujuzi wa matumizi ya kawaida ulikuwa umegeuka mtego.

Hicho ndicho afanyacho mtega kitendawili. Neno "nyumba" linaita kuta, paa na madirisha, na neno "mlango" linaikaza picha hiyo. Anayesikiliza hujifungia ndani ya jengo, akitafuta jengo lisilo na mlango. Hatoki humo hadi "nyumba" iache kuwa jengo na kuwa kitu chochote kinachokaliwa ndani.

Mwaka 1931, Norman Maier huko Marekani alikuwa ameonyesha jambo jingine la kushangaza. Kamba mbili zilining'inia kutoka darini, zikiwa mbali kiasi kwamba mtu aliyeishika moja hakuweza kuifikia ya pili, naye alitakiwa azifunge pamoja. Jibu moja ni kufunga koleo kwenye kamba moja na kuipembeza, ili ijilete yenyewe. Watu walipokwama, Maier alipita karibu na kamba na kuigusa kana kwamba kwa bahati mbaya, ikayumba. Baada ya muda mfupi wengi walipata jibu. Lakini walipoulizwa limetoka wapi, karibu wote hawakumtaja. Dokezo lilikuwa limeingia na kufanya kazi bila mwenyewe kujua.

Je, mtego huo una makao yake katika ubongo? Dalili moja ilitoka Italia mwaka 2005. Carlo Reverberi na wenzake waliwapa watu mafumbo ya njiti za viberiti zilizopangwa kuwa tarakimu za Kirumi. Mathalani, katika usemi III = III + III, mtu ahamishe njiti moja tu ili usemi uwe wa kweli. Anayeziandama tarakimu hatafika popote; inabidi aiguse alama ya kujumlisha na kuigeuza kuwa alama ya usawa: III = III = III. Mafumbo magumu kabisa ya aina hiyo yalifumbuliwa na asilimia 43 ya watu wenye afya, lakini na asilimia 82 ya wagonjwa waliokuwa wameumia upande wa nje wa sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso. Sehemu hiyo, pamoja na kazi nyingine, hutuwekea mipaka ya lipi lijaribiwe na lipi lisijaribiwe. Kwa kawaida mipaka hiyo hutuokolea wakati, na mtu aliyeipoteza huteseka katika mambo mengi ya maisha. Ila penye kitendawili, mpaka huohuo ndio tanzi.

3. Nusu sekunde kabla ya jibu

Ili kuutazama ung'amuzi wenyewe ukitokea, watafiti walihitaji mafumbo mafupi, mengi, yanayoweza kutolewa mfululizo. Waliyapata kutokana na kazi ya Sarnoff Mednick, aliyependekeza mwaka 1962 kwamba mtu mbunifu huunganisha mambo yaliyo mbalimbali. Mtu hupewa maneno matatu, naye atafute la nne linaloungana na yote. Kwa kuwa maneno ya majaribio hayo yalikuwa ya Kiingereza na hayatafsiriki, tumtungie msomaji mfano wa Kiswahili: ndege, michezo, vita. Tunamwomba asite kidogo kabla ya kuendelea.

Jibu ni uwanja: uwanja wa ndege, uwanja wa michezo, uwanja wa vita. Wengine watakuwa wamelipata kwa kujaribu neno baada ya neno: mbio za ndege, hapana, silaha za vita, hapana. Wengine litakuwa limewajia lenyewe. Fumbo lilelile laweza kuteguliwa kwa njia zote mbili, na hapo ndipo penye faida yake kwa mtafiti. Anaweza kulinganisha njia mbili za kufikiri huku fumbo likibaki la aina moja.

Hivyo ndivyo walivyofanya Mark Jung-Beeman wa Chuo Kikuu cha Northwestern, John Kounios wa Chuo Kikuu cha Drexel na wenzao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Kila mshiriki alibonyeza kitufe alipopata jibu, kisha akaeleza kama limemjia kwa ghafla au kwa hatua. Walitumia vipimo viwili, kwa sababu kila kimoja kina upungufu wake. Cha kwanza ni mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo kwa kufuata oksijeni iliyomo katika damu. Huonyesha vizuri mahali, lakini damu huchelewa sekunde kadhaa baada ya neva. Cha pili ni kipimo cha umeme kinachowekwa juu ya ngozi ya kichwa, ambacho msingi wake uliwekwa na Hans Berger wa Jena, aliyetangaza vipimo vyake mwaka 1929. Hicho huonyesha wakati hadi sehemu ya elfu ya sekunde, lakini mahali hukionyesha kwa ukungu.

Vipimo vyote viwili vilielekeza upande mmoja. Takriban sehemu tatu za kumi za sekunde kabla ya kitufe kubonyezwa, ulitokea mripuko wa mawimbi ya haraka, yaitwayo gama, yenye mapigo kama 40 kwa sekunde, juu kidogo ya sikio la kulia. Mripuko huo ulionekana katika majibu ya ghafla, haukuonekana katika majibu ya hatua. Mashine ya sumaku nayo ilionyesha kazi kuzidi mahali hapohapo, kwenye mkunjo ambao hushughulikia maana za maneno na uhusiano wao wa mbali.

Kwa nini kulia? Maelezo ya Jung-Beeman ni kwamba pande zote mbili za ubongo hushiriki katika kuelewa maneno, lakini hutofautiana katika upana wa wavu. Tunaposikia "vita", upande wa kushoto huamsha kwa nguvu maana chache zilizo karibu, kama vile askari na silaha. Upande wa kulia huamsha kwa udhaifu maana nyingi zilizotawanyika, na uwanja ukiwa miongoni mwao. Maana hizo dhaifu hazisikiki peke yake, lakini maneno matatu yanapoliamsha neno moja kwa pamoja, sauti zake hukusanyika hadi zikavuka kizingiti cha fahamu.

Lililowashangaza watafiti zaidi lilitangulia mripuko huo. Kuanzia kama sekunde moja na nusu kabla ya jibu, nyuma ya kichwa upande wa kulia, kwenye sehemu zinazohusika na kuona, yaliongezeka mawimbi ya polepole yaitwayo alfa, yenye mapigo kama 10 kwa sekunde. Mawimbi hayo ni dalili kwamba sehemu hiyo inapunguza kupokea habari. Kwa maneno mengine, ubongo ulijifungia mlango wa nje kwa muda mfupi ili uisikie sauti dhaifu ya ndani. Sote hufanya hivyo kwa mwili mzima: tukiulizwa swali gumu, hutazama darini au hufumba macho. Mtu hufumba macho ili afumbue fumbo.

Hapa lazima tuweke tahadhari. Wasomaji wengi wamekutana na dai kwamba upande wa kulia wa ubongo ni wa wasanii na wa kushoto ni wa wahasibu. Dai hilo limepotosha kazi ya Roger Sperry, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa uchunguzi wake wa tofauti za pande hizo mbili, na halina msingi. Mwaka 2010 Arne Dietrich na Riam Kanso walipitia tafiti nyingi za ubunifu na ung'amuzi, wakaona kwamba hakuna upande mmoja wala sehemu moja inayoweza kuitwa makao ya ubunifu. Utafiti wa mwaka 2004 unahusu aina moja ya fumbo na dakika moja ya safari yake. Unatuonyesha jinsi neno la mbali linavyoibuka, hautuonyeshi mshairi.

4. Kazi isiyoonekana

Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas aligawa safari ya ubunifu katika hatua nne: maandalizi, kuatamia, mwangaza na uhakikisho. Wallas aliutegemea sana ushuhuda wa mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré, alioutoa mwaka 1908. Poincaré alisimulia kwamba alihangaika kwa siku kumi na tano juu ya aina fulani ya fomula za hisabati, akapata sehemu ya jibu, kisha akasafiri na kuisahau kazi yake. Huko Coutances, alipoweka mguu kwenye ngazi ya basi la farasi, wazo likamjia pasipo kitu chochote katika mawazo ya wakati ule kulitayarisha. Wasimuliaji wengi huishia hapo kwenye ngazi. Lakini Poincaré alisema pia kwamba aliporudi Caen alikaa akalihakikisha wazo lile. Ngazi ya basi ina siku kumi na tano za kazi nyuma yake na uhakikisho mbele yake.

Je, kuatamia, yaani kuliacha fumbo kwa muda, kunasaidia kweli? Ut Na Sio na Thomas Ormerod walizikusanya tafiti 117 mwaka 2009, wakaona kwamba kwa jumla kunasaidia, ingawa msaada hutofautiana kwa aina ya fumbo na aina ya pumziko. Kuhusu usingizi, habari hazikubaliani. Huko Lübeck, Ujerumani, mwaka 2004, Ullrich Wagner na wenzake waliwapa watu hesabu ndefu zenye kanuni iliyofichwa. Miongoni mwa waliolala usiku, asilimia 59 waliigundua kanuni. Miongoni mwa waliokesha au kushinda macho, asilimia 23 tu. Mwaka 2021, huko Paris, Célia Lacaux na wenzake walitumia hesabu za aina hiyo, wakaona kwamba hata sekunde 15 za kusinzia zilitosha. Asilimia 83 ya waliosinzia hivyo waliigundua kanuni, dhidi ya 30 ya waliobaki macho na 14 ya waliozama katika usingizi mzito zaidi. Hata hivyo, watafiti wengine waliotumia mafumbo tofauti waliona, mwaka 2018, kwamba kilichosaidia kilikuwa pumziko lenyewe, si usingizi. Kwa hiyo tuseme kwa kiasi: kuliacha fumbo mara nyingi husaidia, usingizi huenda ukasaidia fumbo fulani, wala hapana usingizi unaomfaa mtu ambaye hajalishughulikia fumbo lake.

Ni nini kinachoendelea wakati wa kuliacha? Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa St. Louis, Marekani, walieleza mtandao wa sehemu za ubongo ambao hufanya kazi zaidi mtu anapokuwa hana shughuli ya nje, akikumbuka, akiwaza ya kesho, akiota mchana. Hapo awali ungedhaniwa kuwa huo ni mtandao wa uvivu. Lakini mwaka 2018 Roger Beaty na wenzake waliwataka watu 163 wabuni matumizi mapya ya vitu vya kawaida huku wakipigwa picha za ubongo. Waliobuni vizuri zaidi walikuwa wale ambao mtandao huo wa kuota mchana ulishirikiana kwa nguvu na ule wa kudhibiti mawazo, pamoja na wa tatu unaochagua jambo la kulizingatia. Katika shughuli nyingi mitandao miwili ya kwanza hupokezana: mmoja ukiamka, mwingine hulala. Ubunifu unahitaji yote miwili ikeshe pamoja, mmoja ukitoa na mwingine ukipepeta.

5. Furaha si ushahidi

Ung'amuzi huja na furaha yake. Huko Vienna, mwaka 2018, Martin Tik na wenzake waliona kwamba majibu ya ghafla huamsha sehemu za ndani za ubongo zinazohusika na tuzo na hamu. Tena, majibu ya ghafla huwa sahihi mara nyingi: mwaka 2016 Carola Salvi na wenzake walionyesha kwamba, katika aina kadhaa za mafumbo, majibu hayo yalikuwa sahihi zaidi kuliko yale ya hatua kwa hatua. Basi mtu atauliza: kwa nini tusiiamini furaha hiyo?

Jibu lilitolewa mwaka 2020 na Ruben Laukkonen na wenzake. Waliwapa watu sentensi zenye dai fulani, huku neno moja likiwa limevurugwa herufi zake. Mtu alilipanga neno, kisha akakadiria ukweli wa dai zima. Waliolipata neno kwa mshtuko wa furaha walilihesabu dai kuwa la kweli zaidi, ilhali furaha yao ilitokana na herufi, wala haikuhusu dai. Furaha ilimwagika kutoka kwenye chombo chake na kulowesha jirani.

Sisi wa taaluma ya lugha tunapaswa kulisikia onyo hilo kuliko wengine. Etimolojia za uongo huzaliwa hivyo hivyo. Mtu ameshika kanuni ya kauli ya kutendua, kufunga na kufungua, kutega na kutegua. Mara anakumbuka kununa na kununua, naye anaruka: kumbe kununua ni kuondoa kununa, kwani aliyenunuliwa zawadi hanuni tena! Wazo ni tamu, tena linachekesha, nalo ni la uongo. Si kila kitenzi chenye -ua ni cha kutendua. Kinachoitenga kutegua na kununua si utamu wa wazo. Ni kazi ya polepole: kuangalia maana za kale katika kamusi, kulinganisha na lugha ndugu, kuuliza kama kinyume kipo kweli. Hata hoja ya sehemu ya kwanza ya makala haya inastahili kupimwa hivyo, na tunawaalika wenzetu waipime.

6. Darasani kwetu

Yote haya yanatuhusu nini? Katika vyumba vya mihadhara tunasikia malalamiko mawili. Walimu husema: wanafunzi wetu hukariri tu, hawana wazo lao. Wanafunzi husema: mimi sikujaliwa, wenye vichwa ni wengine. Malalamiko yote mawili hukitafuta kipaji, na yote mawili huacha kuitazama kazi.

Kwanza, kukariri si adui. Kitendawili "Kuku wangu ametaga miibani" hakitateguliwa na asiyewahi kuliona nanasi shambani. Hakuna wavu mpana unaovua maana zisizokuwamo. Mwanafunzi mwenye akiba ndogo ya maneno na mifano hana cha kuunganisha, hata asinzie mchana kutwa.

Pili, akiba peke yake haitoshi iwapo kila kitu kimefundishwa kwa matumizi yake ya kawaida tu. Anayekijua kisanduku kuwa ni cha misumari, na hajawahi kukiona kitupu, atanaswa. Anayeijua kanuni kwa mfano mmoja wa ubaoni ataijua kwa mfano huo.

Tatu, jibu linalotolewa mapema mno huua kazi ya kuatamia. Mila ya kitendawili ililijua hili. Anayeshindwa hapewi jibu bure. Huambiwa "Nipe mji", naye hutaja mji mmoja, wa pili, labda wa tatu, mpaka mtegaji aridhike. Katika muda huo wa kutoa miji, wengine bado wanafikiri. Si mara moja tumeona jibu likimrukia mtu wakati mji umekwisha tolewa. Aidha, Amory Danek na wenzake walionyesha mwaka 2013, kwa kutumia viinimacho, kwamba watu waliozing'amua siri za mchezaji kwa ghafla walizikumbuka vizuri zaidi siku 14 baadaye kuliko zile walizozipata bila ung'amuzi. Alichokitegua mtu mwenyewe hukaa.

Nne, ipo kazi inayotungoja sisi wenyewe. Mafumbo ya maneno matatu yametungwa kwa lugha kadhaa na hayawezi kutafsiriwa, kwa sababu yanategemea jinsi maneno ya lugha husika yanavyoshikana. Idara ya Kiswahili ina uwezo wa kutunga mamia yake, kuyajaribu kwa wanafunzi wanaozungumza Kiswahili nyumbani na Kifaransa darasani, na kuona ni katika lugha ipi mtego huteguka. Kazi hiyo haihitaji mashine ya sumaku. Inahitaji karatasi, saa na subira.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba akili hunaswa na ujuzi wake yenyewe. Kwamba ubongo hujitenga na nje kwa muda mfupi kabla jibu halijaibuka. Kwamba mwangaza una siku za kazi nyuma yake. Na kwamba yakini inayokuja nao lazima ihakikishwe. Mwanafunzi aliyekwama hana sababu ya kujihukumu kuwa hakujaliwa. Kukwama ni hatua ya safari, na huenda mtego umekwisha kulegea bila yeye kujua. Alilisome jambo lake hadi alijue, aliache kidogo, alirudie. Na likimjia, alipime.

Tumalizie kama tulivyoanza. Kitendawili! Habari, treni, familia: neno gani moja linaungana na yote matatu? Asiyeweza na atupe mji.